Hodi ya Insulini na Haki ya Mgonjwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kiumbe, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, wapo wazazi wanaoshauriwa kumwachisha sindano mtoto mwenye kisukari, eti kombe na dua vinamtosha. Rai yetu ni kwamba ushauri huo unaua, na dini haina sehemu ndani yake.

Insulini ni homoni itokayo kwenye kongosho, yenye amino asidi 51 zilizoungwa katika minyororo 2. Ugali tunaoula hapa Katavi hugeuka sukari katika damu, lakini seli za misuli na za mafuta haziichukui ipasavyo bila ya ruhusa. Sheria yetu imetufunza kwamba mtu haingii nyumba ya mwenzake mpaka abishe hodi na aitikiwe. Na insulini hubisha hodi. Juu ya seli vipo vipokezi ambavyo umbo lake limelingana na umbo la insulini. Ikishikana na kipokezi chake, haina haja ya kuingia ndani: kipokezi chenyewe hubadilika umbo, upande wake ulio ndani ya seli huamka na kueneza habari, na milango ya sukari husogezwa mpaka ukutani mwa seli. Subhanallah!

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinachowapata zaidi watoto na vijana, kinga ya mwili imeziharibu seli zinazotengeneza insulini, basi hakuna wa kubisha hodi. Katika aina ya pili hodi hubishwa, lakini wenye nyumba hawaitikii vizuri. Huyu wa pili huenda akasaidiwa na vidonge, chakula na mazoezi. Yule wa kwanza hana badala ya insulini. Wala haifai kuinywa, kwani tumbo huimeng'enya kama limeng'enyavyo nyama na maharage. Kabla ya mwaka 1922, ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa mjini Toronto, Kanada, mtoto wa namna hiyo alikuwa akingojewa kufa tu.

Wapo wanaohofia nguruwe. Ni kweli kwamba insulini ya zamani ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Lakini tangu mwaka 1982 imeruhusiwa ile inayotengenezwa kwa vijidudu, nayo ndiyo itumikayo zaidi leo. Wengine huhofia saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba sindano zisizo za lishe hazibatilishi saumu. Isitoshe, Qur'ani imemruhusu mgonjwa kula. Kwa hiyo mgonjwa asifunge, wala asibadilishe dozi, kabla ya kushauriana na daktari.

Hatuipingi dua, kwani ni ibada. Lakini Mtume (S.A.W.) aliyetufunza dua ndiye aliyetuhimiza kujitibu, na mafakihi wamekubaliana kwamba ajitiaye utabibu bila ya elimu hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha.

Tunawaomba maimamu wa Mpanda, Inyonga na Karema wamwalike tabibu msikitini kabla ya kila Ramadhani. Aidha, chupa ya insulini isiyofunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, bila ya kugandishwa, na nyumba nyingi za vijijini hazina friji. Mwenye friji ampe jirani yake nafasi ya chupa hiyo. Asiyekuwa nayo atumie chungu ndani ya chungu, na mchanga mbichi katikati, kwani ubaridi wake hupunguza makali ya joto. Hii nayo ni sadaka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.