Si Kila Katuni ni ya Watoto

Hapa Mlali, kama ilivyo Kibaigwa na Kongwa mjini, kuna kauli ambayo mzazi huitoa bila hata kugeuza shingo kutazama: "Waache, wanaangalia katuni." Mwenye kibanda umiza akiweka picha ya mapigano ya watu wazima, angalau atawakemea watoto watoke. Akiweka picha ya kuchorwa, wanaachiwa mkeka wa mbele, na wakubwa wanakaa nje na maongezi yao mpaka saa ya mpira ifike. Kauli hiyo si ya kweli. Inawaumiza watoto, na sisi wakubwa inatunyima hadithi inayotuhusu.

Chukua Akame ga Kill!, katuni ya Kijapani (anime) yenye sehemu 24 iliyotengenezwa na studio ya White Fox na kurushwa mwaka 2014, kutoka kwenye vitabu vya michoro vya mwandishi Takahiro na mchoraji Tetsuya Tashiro. Inahusu kikosi cha vijana wauaji wanaopigania mapinduzi dhidi ya watawala wa nchi yao. Kwao Japani ilirushwa usiku wa manane. Huku kwetu inasafiri kwenye flashi na memori kadi, haina saa wala umri, na inawekwa mchana kweupe.

Katika sehemu ya sita yupo Seryu, msichana wa ulinzi wa mji, na kijibwa chake Koro: cheupe, kinene, kinatembea kwa miguu miwili kama mwanasesere. Mzazi akichungulia dakika ile ataona kijibwa na kuondoka ametulia. Muda si mrefu Koro anavimba, anakuwa dude la kutisha, na anamkata kwa meno Sheele, binti mpole mwenye miwani wa kikosi kile, vipande viwili. Damu inaonekana yote. Sheele bado ana pumzi ya kutosha kumpa nafasi mwenzake Mine akimbie, kisha basi. Si kama Tom na Jerry, ambamo paka hubamizwa ukutani akainuka. Sheele harudi.

Mtoto wa miaka sita hana pa kuliweka jambo hilo. Lakini kijana mkubwa analo la kujifunza, kwani huo ndio ubora wa kwanza wa kazi hii: haimdanganyi mtu kuhusu kifo. Anayechagua kuua anaweza kuuawa kesho, awe shujaa au asiwe.

Ubora wa pili uko mwanzoni kabisa, nao unatugusa sisi wa nyanda hizi kavu. Tatsumi ni kijana wa kijijini. Kwao kumeelemewa na kodi na ufukara, hivyo anafunga safari kwenda mji mkuu pamoja na rafiki zake Sayo na Ieyasu, wakatafute fedha za kuwaokoa waliobaki. Njiani wanapotezana. Mjini Tatsumi anapokelewa na familia tajiri yenye binti mwenye maneno matamu. Nyuma ya nyumba hiyo kuna ghala, na humo ndimo anamowakuta wenzake: Sayo ananing'inia, ameshakufa kwa mateso, Ieyasu yu hoi, anakata roho. Mzazi yeyote aliyewahi kumkabidhi binti yake kwa mtu asiyemfahamu vizuri, akafanye kazi za ndani Dar es Salaam, kisha simu ikawa haipatikani, anaijua hofu ile. Hadithi ya namna hiyo inafaa izungumzwe na binti wa miaka kumi na saba kabla hajapanda basi.

Baada ya hapo, kasoro zake zinaanza kuniudhi. Wabaya wengi humu ni wabaya tu. Wanatesa kwa kujifurahisha, hawana walikotokea, kwa hiyo kuwaua hakumgharimu mtazamaji chochote. Seryu ana uzito kwa sababu anaamini kwa moyo wote kwamba anatenda haki. Jenerali Esdeath naye ana uzito, maana mkono unaochinja ni wa mtu yuleyule anayempenda Tatsumi kwelikweli. Waliobaki ni wa kukatwa. Tena mara tu mmoja wa kikosi anapozikwa, utani wa kitoto unarudi, na wasichana wanaonyeshwa miili kana kwamba msiba haukuwepo.

Kubwa zaidi ni hili. Akame, muuaji wa kikosi hicho anayebeba jina la hadithi, na mdogo wake Kurome waliuzwa na wazazi wao kwa watawala wakiwa watoto, wakafunzwa kuua. Hapo ndipo penye kiini cha hadithi, na watengenezaji wanapapita mbio. Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kupapita. Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa LRA kaskazini mwa Uganda akiwa mtoto, akakulia humo hadi akawa kamanda. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani na kumfunga miaka 25, nao majaji walizingatia kutekwa kwake utotoni walipopima adhabu. Swali hilo zito, la lawama ya mtoto aliyefunzwa kuua, ndilo anime hii ilikuwa nalo mkononi ikaliacha.

Na mapinduzi yenyewe? Wilaya yetu ya Kongwa ilipokea kambi za wapigania uhuru katika miaka ya 1960: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo. Wazee wa huku wanajua kwamba mapambano yale yalikuwa mafunzo, siasa na miaka mingi ya kusubiri. Katika Akame ga Kill! Jeshi la Mapinduzi linatajwa zaidi kuliko linavyoonekana, na mwisho umeharakishwa kwa sababu anime iliwahi kufika tamati kabla ya vitabu, vilivyomalizika 2016. Hata Tatsumi, anayekufa kwenye anime, kwenye vitabu anapona.

Haya yote ni mambo ya kujadiliwa na watu wenye akili zao. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kupanga madaraja ya umri kwa filamu ni kazi ya Bodi ya Filamu, lakini flashi ya kijijini haipiti mezani kwa mtu yeyote. Inapita mkononi mwako. Mwenye kibanda, itazame kwanza peke yako kabla hujafungua mlango. Mzazi, sehemu ya kwanza haifiki nusu saa: kaa uitazame. Ukifika kwenye lile ghala, mtoe nje mdogo, na mkubwa ubaki naye mzungumze.