"Kijani" si jibu la kutosha

Wenzangu wa kitivo, ukiuliza Wakantoni wanaitaje rangi ya kijani, kamusi itakupa maneno mawili: luk na ceng. Wengi watasema luk ni kijani, ceng ni kijani cha aina nyingine, basi. Mimi nasema hapo ndipo somo linapoanza.

Luk ni rangi: ya chai ya kijani, ya taa ya barabarani. Ceng haitulii mahali pamoja. Tango huitwa ceng gwaa. Uso wa mtu aliyeshikwa na hofu husemwa kuwa ceng. Likisomwa cing, kwa matamshi ya kitabuni, neno lilelile limo katika cing tin, anga la buluu, na cing nin, kijana.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Sisi tuna -bichi: ndizi mbichi ni ya kijani, nyama mbichi ni nyekundu, kuni mbichi hazina rangi maalumu, na hakuna mtoto anayechanganyikiwa.

Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walichapisha utafiti ambamo wasemaji wa lugha 20, Kikantoni na Kiswahili zikiwamo, walionyeshwa vipande 329 vya rangi. Kazi hiyo ilifungua njia ya kulinganisha lugha, na naiheshimu. Lakini kipande cha rangi hakiivi, hakikauki, wala hakiogopi. Kinaweza kutuonyesha luk. Ceng yote hakiwezi.

Hili linatuhusu. Kwa kazi zetu za kumaliza masomo tunakwenda vijijini na orodha ya Kifaransa: vert, bleu, jaune. Mzee anajibu kwa adabu, tunaandika neno moja mbele ya vert, tunarudi mjini. Lugha nyingi za nchi yetu hazina kamusi kubwa. Orodha hiyo huenda ikawa ndiyo kamusi pekee watakayoikuta wajukuu wa mzee huyo.

Kwa hiyo naomba walimu wetu wasipokee orodha ya rangi isiyojibu maswali matatu. Ni vitu gani vingine huitwa hivyo? Kitu kikiiva au kikikauka, je, neno hubadilika? Je, mtu naye anaweza kuitwa hivyo? Maswali hayo hayahitaji vifaa wala fedha. Yanahitaji kukaa na mzee nusu saa zaidi.