Gari la Umeme Lataka Dereva Mwenye Nidhamu

Siku hizi mabishano juu ya magari ya umeme hayaishi katika kambi na vituo vyetu. Wako wasemao kwamba ni vitu vya kuchezea vya matajiri wa Ulaya, na wako wayasifuo kana kwamba hayana dosari hata moja. Sisi hatuungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili. Twaona kuwa gari la umeme ni chombo chema kwa dereva mwenye nidhamu, na ni adha tupu kwa dereva mzembe. Aidha, twaona kuwa yawapasa askari wa jeshi na wa polisi kulifahamu sasa, kabla halijawakuta barabarani wakiwa hawana habari nalo.

Sababu ya kwanza ni usalama wa nchi. Uganda haina pwani, na petroli yetu nyingi huja kwa njia ya Mombasa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia zilipotokea Kenya baada ya uchaguzi, na tena Januari 2022, madereva wa malori walipogoma huko Malaba na Busia kwa ajili ya vipimo vya korona, pampu zetu zilikauka na bei zikapaa. Siku hizo maji ya Mto Naili hayakugoma. Leo bwawa la Karuma peke yake, lililozinduliwa mwaka 2024, lina uwezo wa megawati 600. Wajapani walilionja jambo hili baada ya tetemeko la Machi 2011: petroli ilipoadimika katika majimbo yaliyoharibika, umeme ulirudi mapema kuliko mafuta, na magari ya umeme yakatumwa huko kusaidia kazi ya uokoaji. Kila askari wa ugavi aelewe somo hilo.

Sasa tuitazame kazi ya kila siku. Atokaye katika gari la dizeli hushangaa kwanza kwa ukimya, kisha kwa wepesi wa kuondoka, maana hakuna gia wala klachi. Katika msongamano wa Kampala, mahali ambapo injini huunguza mafuta bure, gari la umeme likisimama halitumii kitu ila taa, redio na kipoza hewa. Ukishuka mlima wa Kololo na kuondoa mguu kwenye kanyagio, mota hugeuka jenereta, hupunguza mwendo na kurudisha sehemu ya nguvu ndani ya betri. Breki hudumu muda mrefu. Tairi, kwa upande wake, huweza kulika upesi, kwa kuwa gari hili ni zito.

Lakini umeme haumsamehe dereva asiyepanga safari. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa kilowati 2 au 3 tu. Usiku wa saa 10 utakupa takriban yuniti 20 hadi 30. Hizo zatosha gari dogo kwenda Entebbe na kurudi, na akiba ikabaki. Safari ya Kabale ni jambo jingine kabisa. Tena mwendo mkali hula betri vibaya: tofauti ya kilomita 80 na 110 kwa saa huonekana upesi katika kipimo. Kwa hiyo dereva hana budi kuipeleleza njia kabla ya kuondoka, ajue ni wapi atakapochaji, kama vile kamanda ajuavyo mahali pa maji. Naye anunuaye gari kuukuu aitazame betri kabla ya rangi. Gari moja mashuhuri la mwaka 2011, lenye betri ya kilowati-saa 24, lilikadiriwa huko Marekani kwenda kama kilomita 117 likiwa jipya. Likizeeka haliwezi tena kufika huko.

Wako wasemao kwamba dawa ni gari la mseto, lenye injini ya petroli na betri ya kuchomekwa ukutani. Ni kweli kwamba halimwachi mtu njiani. Hata hivyo, Halmashauri ya Umoja wa Ulaya ilieleza mwaka 2024 kuwa magari hayo, yakiwa barabarani, yalitoa hewa ya kaboni mara 3.5 kuliko ilivyopimwa katika maabara. Sababu moja kubwa ni kwamba wenyewe hawakuyachomeka vya kutosha, hasa wale waliopewa gari na mafuta na mwajiri. Hapa na tusemezane kweli. Dereva apewaye petroli bila kuilipia, kwa nini ahangaike na waya usiku? Gari la namna hiyo likiletwa kambini pasipo daftari la kuchaji, litakuwa gari la petroli lenye mzigo wa betri. Angalau gari la umeme mtupu lina sifa moja ambayo wenye ghala wataipenda: umeme haunyonywi kwa mpira na kuuzwa nyuma ya ukuta!

Jambo la mwisho lahusu uhai wenu, ndugu zetu wa usalama barabarani na wa zimamoto. Gari hili likienda polepole halisikiki, ndiyo maana Ulaya ililazimisha magari mapya ya aina hiyo yatoe sauti yanapokwenda polepole. Yaliyotengenezwa kabla ya sheria hiyo huenda hayana sauti hiyo. Askari asimamaye njia panda asitegemee sikio peke yake. Penye ajali, msidhani kwamba gari lililo kimya limezimwa; zuieni magurudumu, lizimeni, na ufunguo upelekwe mbali. Nyaya za rangi ya machungwa zina umeme wa volti mamia: mtu asiziguse wala kuzikata. Betri ikishika moto huhitaji maji mengi sana, na yaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi au hata siku kadhaa.

Hatusemi gari hili lipelekwe leo katika mstari wa mbele; porini hakuna soketi. Twasema lianze kwa kazi za mjini, za makao makuu na za doria, na mafunzo yatangulie magari. Vijana wa Makerere walijaribu gari lao la Kiira EV tangu mwaka 2011, na kiwanda cha Kiira huko Jinja kilijengwa na shirika la jeshi letu wenyewe, NEC. Itakuwa aibu kubwa ikiwa mikono ya jeshi imejenga kiwanda, kisha askari akashindwa kulitambua gari litokalo humo.