Beki wa Klipu Anachukuliwa, Beki wa Dakika 90 Anabaki

Kuanzia Dodoma mjini mpaka vijiwe vya Gulwe karibu na stesheni, kila shabiki anajua kupanga kikosi kuliko kocha. Safari hii mchezo ni kuchagua mabeki wa vyuo. Kila mtu kwenye grupu anataja beki wake kwa zamu. Akishatajwa, ndiyo ameenda, mwingine hamgusi. Mwisho wanabishana nani kajenga ukuta wa maana. Staili yenyewe ni ya Marekani, ambako kila Aprili klabu za NFL zinachagua vijana waliotoka vyuoni, na mashabiki wanatoa orodha zao kabla siku haijafika.

Burudani safi, hakuna kesi. Shida iko kwenye namna watu wanavyochagua.

Wa kwanza kutajwa ni yule mwenye klipu. Mrefu, kifua mbele, anateleza kwenye vumbi, anautoa mpira pamoja na mtu wake, uwanja mzima unalipuka. Sekunde 20, singeli kwa nyuma, laiki kibao. Kilichokatwa ni sekunde tano za kabla: alikuwa wapi mpaka ikabidi ateleze? Mara nyingi alikuwa ameshapitwa. Alipanda bila mpango, akaacha uwazi, sasa anashangiliwa kwa kuzima moto aliouwasha mwenyewe.

Wa pili hana klipu. Yeye anasogea hatua mbili kabla pasi haijapigwa. Straika anaona njia imefungwa, anarudisha mpira nyuma. Nani ataposti straika akirudisha mpira nyuma? Jamaa anamfokea namba tatu asipande, anamwita kiungo ashuke, anausogeza mstari mbele mpaka mtu anakutwa ameotea. Mechi inaisha, jezi yake haina hata doa, kipa hajaguswa. Kwenye grupu anatajwa wa mwisho, kama atatajwa.

Wanaodhani hii ni stori ya vijiweni tu waangalie ukuta wa Yanga iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Kitasa mmoja alitoka Coastal Union 2020, mwingine Mtibwa Sugar 2021, wa tatu KMKM ya Zanzibar 2022. Majina mnayajua. Huko walikotoka kamera zilikuwa chache, lakini walikuwa wanacheza ligi wiki baada ya wiki, watu wakiwaona wakipatia na wakikosea. Njoo CHAN ya Agosti 2025. Taifa Stars ilicheza mechi nne za makundi, ikafungwa bao moja tu. Magoli ya Stars mpaka leo yanazunguka mitandaoni. Mipira iliyozuiwa kabla haijawa hatari, nani anayo kwenye simu?

Kuna watakaosema: bila klipu, kijana wa Gulwe ataonwa na nani? Hoja ina uzito. Skauti hashuki kwenye treni hapo kutafuta namba nne, na simu ya mshikaji ndiyo skauti pekee aliyopo. Basi simu itumike vizuri. Anayerekodi asimame juu kidogo, nyuma ya goli. Achukue robo saa mfululizo bila kukata, na asiufuate mpira tu, mstari wote wa nyuma uonekane. Video hiyo haitapata laiki, lakini kocha anayejua kazi ataiangalia mpaka mwisho. Na yale makosa yasikatwe, kwa sababu beki anapimwa kwa anachofanya dakika mbili baada ya kukosea: anaomba mpira tena, au anajificha?

Kwa mashabiki huu ni mchezo wa jioni. Kwa kijana ni muda unaokwenda. Shahada nyingi ni miaka mitatu. Hizo ndizo siku zake za kuonekana akiwa na uwanja, timu na ratiba ya mechi. Orodha za magrupu zinasambaa, na huwezi kujua zinaishia kwenye simu ya nani. Anayetajwa kila siku anaitwa majaribio. Asiyetajwa anamaliza chuo, anaingia darasani kufundisha au anapanda bodaboda, na viatu anampa mdogo wake. Si kwamba hakuwa na uwezo. Kazi yake haikupiga kelele.

Kwa hiyo kabla hujataja beki wako, swali ni moja: ulimwona dakika ya 80, timu imechoka, inaongoza bao moja, krosi zinamiminika? Kama ulimwona, mtaje wa kwanza bila aibu, hata kama hana wafuasi mia. Kama ulichoona ni sekunde 20 na singeli, pisha zamu, mwenye macho achague.