Umeme wa akiba mipakani: ni nani mwingine anayeweza kuuzima?

Desemba 23, 2015, wadukuzi waliingia katika mitambo ya makampuni matatu ya kusambaza umeme nchini Ukraine na kuwaacha gizani wateja wapatao 225,000. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Lakini lipo jambo moja ndani yake ambalo halikuzungumzwa sana, nalo limo katika taarifa ya wataalamu wa Marekani waliochunguza tukio hilo: kwa mujibu wa taarifa hiyo, wadukuzi waliingia pia, kwa njia ya mtandao, katika ukurasa wa kuendeshea UPS za seva za makampuni hayo na kuzipangia saa ya kukata umeme. Hawakutosheka kuwazimia wateja, bali waliwazimia pia wale ambao kazi yao ilikuwa kuurudisha umeme.

Msomaji anaweza kuuliza Ukraine inahusiana nini na lori la vitunguu lililosimama Namanga. Inahusiana sana. Tangu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zianze utaratibu wa himaya moja ya forodha mwaka 2014, mzigo hauvuki mpaka kwa muhuri na karatasi tu. Unavuka kwa sababu iCMS ya Kenya, TANCIS ya Tanzania na ASYCUDA World ya Uganda, Rwanda na Burundi zimebadilishana taarifa, na kwa sababu ofisa aliyeko dirishani ameweza kufungua kompyuta yake akaziona. Seva ziko mbali, katika miji mikuu, na zina ulinzi wake. Kilichopo mpakani ni kabati la chuma lenye ruta na swichi za mtandao, na chini ya kabati hilo kuna UPS, ile mashine ya betri inayoshikilia umeme mpaka jenereta iwake.

Wengi hudhani kazi ya UPS ni ndogo kwa kuwa jenereta huchukua sekunde chache tu kuwaka. Hesabu hiyo ina kasoro. Umeme ukikatika hata kwa sekunde kumi bila UPS, ruta na swichi huzima zote na kuanza upya, kompyuta nazo vile vile, na ofisa aliyekuwa katikati ya hati huanza tena mwanzo. Sekunde kumi hugeuka kuwa nusu saa ya foleni, na kama kuna kifaa kilichogoma kuwaka, hugeuka kuwa siku. Anayelipia ni mwenye mzigo. Mwenye saruji atalipa posho ya dereva na ada ya kuegesha. Mwenye machungwa au nyanya atapoteza mzigo wenyewe.

UPS kubwa za siku hizi huwa na kadi ndogo ya mtandao. Kadi hiyo huipa mashine anwani yake, kama kompyuta yoyote, ili fundi aliyeko Nairobi au Dar es Salaam aweze kuiuliza hali ya betri bila kusafiri. Ni jambo zuri. Tatizo ni kwamba kadi nyingi zimewekwa jinsi zilivyotoka kiwandani, zikiwa na jina na neno la siri ambalo limechapishwa katika kitabu cha maelekezo na kila mtu anaweza kulisoma. Nimewahi kuona katika ofisi moja ya mawakala wa forodha neno hilo limeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye mlango wa kabati. Nilipouliza kwa nini, fundi alicheka na kusema hata wasingeliandika, lingejulikana.

Hili si tatizo letu peke yetu. Machi 29, 2022, idara ya usalama wa mitandao ya Marekani, CISA, pamoja na Wizara ya Nishati ya nchi hiyo, zilitoa tahadhari kwamba wahalifu walikuwa wakiingia katika UPS zilizounganishwa na intaneti, mara nyingi kwa kutumia majina na maneno ya siri ya kiwandani. Wiki tatu kabla yake, kampuni ya Armis ilikuwa imetangaza kasoro tatu katika UPS za APC, chapa ya Schneider Electric ambayo imejaa maofisini kwetu. Moja ya kasoro hizo ni kwamba baadhi ya mashine zilikubali kuwekewa programu mpya ya ndani bila kuhakiki kama kweli imetoka kwa mtengenezaji.

Baada ya kusikia hayo, meneja wa kituo anaweza kushawishika kuchomoa waya wa mtandao kwenye UPS na kumaliza shida. Nadhani huko ni kukimbia mvua na kuingia mtoni. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, jenereta ya kuhudumia baadhi ya majengo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iligoma kuwaka. Abiria walikaa gizani, waziri akaomba radhi na mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa. Umeme ulikatika tena nchini humo kwa kiwango hicho mwezi Novemba na Desemba mwaka huo huo, na Aprili 1, 2024 gridi ya Taifa ya Tanzania nayo ilipata hitilafu. Vifaa vya akiba visivyoangaliwa hufa kimya kimya. Betri za risasi zinazotumika katika UPS nyingi huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mapema zaidi katika chumba chenye joto kama vile vya Lunga Lunga na Horohoro. Bila kadi ya mtandao, taarifa ya kwanza kwamba betri imekufa ni giza lenyewe.

Kwa hiyo suala ni kuiweka kadi hiyo vizuri. Mashine hizi huulizwa hali zao kwa itifaki iitwayo SNMP, na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Toleo lake la kwanza lilitungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati mtandao ulikuwa wa watu wanaojuana. Anayeuliza hujitambulisha kwa neno moja tu, ambalo kwa kawaida huwekwa “public” kwa kusoma na “private” kwa kutoa amri, na neno hilo hupita kwenye waya likiwa wazi. Yeyote aliye kwenye mtandao huo, hata kwa kompyuta ya mgeni aliyeazimwa soketi, anaweza kulidaka. Mwaka 1994 iliwekwa orodha sanifu ya mambo ambayo UPS huulizwa: hali ya betri, dakika zilizobaki, joto, asilimia ya mzigo. Katika orodha hiyo hiyo kimo kipengele kinachopokea amri ya kuzima baada ya sekunde kadhaa. Mlango wa kuulizia hali na mlango wa kuzimia ni mmoja.

Dawa ipo tangu Desemba 2002, lilipokamilishwa toleo la tatu la SNMP. Humo kila anayeuliza ana jina lake na maneno mawili ya siri, moja la kuthibitisha kuwa ni yeye na jingine la kufumba mazungumzo yasisomeke njiani. Fundi anapaswa kuzima matoleo ya zamani kabisa, kisha kufungua jina moja la toleo la tatu lenye ruhusa ya kusoma tu, lithibitishwe kwa SHA na kufumbwa kwa AES, na likubaliwe kutoka anwani moja tu, ile ya kompyuta ya usimamizi. Telnet, FTP na ukurasa wa HTTP usiofumbwa vizimwe, vibaki SSH na HTTPS. Neno la siri la kiwandani libadilishwe kabla waya wa mtandao haujachomekwa. Kadi zote ziwe katika tawi lake la mtandao, mbali na kompyuta za maofisa na mbali zaidi na Wi-Fi ya wateja, na zisionekane kabisa kutoka intaneti. Fundi wa mbali aingie kwa VPN.

Kinachotokea mara nyingi ni kwamba fundi anajaribu toleo la tatu, anakosea herufi moja katika neno la siri, mashine haijibu, jua linazama na basi lake linaondoka. Anarudisha toleo la kwanza na “public”, taa inakuwa ya kijani, hati ya kukabidhi kazi inasainiwa. Simlaumu sana, kwani mkataba wake ulimtaka aonyeshe kuwa mashine inaonekana, basi.

Lipo na la mamlaka. Katika vituo vya pamoja vya mpakani, mzigo hukaguliwa upande wa nchi unayoingia. Lori litokalo Arusha kwenda Nairobi halisimami upande wa Tanzania. Linapita hadi upande wa Kenya, ambako maofisa wa nchi zote mbili wameketi jengo moja. Ndivyo ilivyo Namanga, kituo kilichozinduliwa Desemba 1, 2018 na marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli, na ndivyo ilivyo Busia, Mutukula na Rusumo. Maana yake ni kwamba ofisa wa Tanzania anafanya kazi kwa umeme wa akiba wa Kenya, na wa Kenya akiwa upande wa pili kwa umeme wa Tanzania. Betri ikianza kuchoka, ujumbe wa tahadhari unakwenda kwa nani? Neno la siri likibadilishwa, nani anaambiwa? Na aliyefunga mashine, ambaye huenda alikuja na mradi wa wahisani na mkataba wake ukaisha, bado analo lile la zamani?

Sheria inaweza kumwadhibu mdukuzi: Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ya mwaka 2018. Lakini sheria haijazi fomu ya zabuni. Zabuni nyingi hutaja nguvu ya mashine kwa KVA, dakika za betri na dhamana, na hapo zinaishia. Ingetosha kuongeza mistari michache: toleo la tatu la SNMP, matoleo ya zamani yawe yamezimwa siku ya makabidhiano, programu ya ndani iweze kusasishwa, na orodha ya maneno ya siri ikabidhiwe kwa ofisa anayetajwa kwa cheo.

Wanaoagiza vifaa hivi kwa biashara nao wana sababu ya kufuatilia. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa bidhaa zenye programu ilianza kuwa na nguvu Desemba 10, 2024, na masharti yake makuu yatatumika kuanzia Desemba 11, 2027. Bidhaa zisizofikia masharti hayo hazitaruhusiwa kuingizwa sokoni huko. Mwenye ghala lililojaa kadi za zamani atatafuta soko jingine, na bei itakuwa ya kuvutia. Anayeagiza kutoka Dubai au Guangzhou aulize kwanza kama kadi inakubali toleo la tatu lenye AES, na kama mtengenezaji bado anaitolea masasisho, maana ikishafika Kariakoo au Luthuli Avenue hakuna wa kumrudishia.