Eko ya Mazoezi Si Anasa

Imeandikwa kwamba mgonjwa wa vali za moyo asiye na malalamiko atosheke na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ya kupimwa akiwa amelala. Sikubaliani hata kidogo. Vali ya mitrali iliyobanwa na homa ya baridi yabisi humzoesha mtu kupunguza mwendo polepole, mpaka aamini hana dalili. Akanyage baiskeli ya vipimo: mapigo yakienda mbio, muda wa damu kupita vali hupungua, na shinikizo la mishipa ya mapafu likivuka milimita 60 za zebaki, ukweli umejitokeza. Wanaopinga husema kipimo hiki ni hatari. Lakini mwenye vali ya aota iliyobana sana na dalili hapimwi hivyo, maana dalili zenyewe zimeshaamua. Gharama? Mashine ni ileile. Huongezeka baiskeli na mpimaji mzoefu. Madaktari, msiridhike na picha ya kitandani pekee.