Wazee wa Mtaani: Nani Ataandika Habari Zao?

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba alikuwapo mtu mmoja mweusi, mwanamume au mwanamke, aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.). Alipotoweka machoni, Mtume (S.A.W.) aliuliza habari zake, akaambiwa kuwa amekwisha kufa na kuzikwa. Waliomzika hawakuona kama kifo chake ni jambo la kumfikishia Mtume (S.A.W.). Akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamswalia.

Mafunzo ya fiqhi yatokanayo na Hadithi hii yamekwisha kuelezwa mara nyingi katika mimbari zetu, nasi hatutayarudia. Tunataka kutazama jambo moja dogo lililomo ndani yake. Mpokezi hakuwa na yakini kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke. Ni katika mapokezi mengine, ya Baihaqi, ndipo linapotajwa jina la Ummu Mihjan. Basi mtu ambaye Mtume (S.A.W.) alilifuata kaburi lake alikaribia kupotea jina, na sababu si nyingine ila kuwa kazi yake ilikuwa kufagia.

Tukigeuka kutazama mitaa yetu, tutaona hali gani? Hutolewa tangazo baada ya Swala ya Alfajiri kwamba mzee wetu fulani amefariki na atazikwa Adhuhuri. Watu hukusanyika, humkosha, humkafini, humswalia na kumzika, na katika hayo, alhamdulillah, jamaa zetu ni hodari. Baada ya hapo habari zake huwa zimekwisha. Akiwa ni sheikh mkubwa, huenda mwanafunzi wake akamwandikia kurasa mbili. Akiwa ni fundi wa majahazi, mkunga, muuza samaki, mwadhini wa miaka arubaini au bibi aliyelea mayatima, hakuna anayeshika kalamu.

Hatusemi haya kwa kuwadharau waliotangulia kuandika. Sheikh Abdalla Saleh Farsy (1912–1982), Allah amrehemu, alitufanyia hisani isiyolipika alipotutolea kitabu chake juu ya baadhi ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika mwaka 1972. Bila ya kitabu kile, majina mengi ya waalimu wa babu zetu yangekuwa yamefutika. Lakini yeye aliandika juu ya wanavyuoni, na mji haukai kwa wanavyuoni peke yao.

Wanaosoma fani ya tarajim wanajua kuwa wakubwa wa Umma huu hawakuufunga mlango huo kwa wenye vilemba tu. Ibn Saad, aliyefariki mwaka 230 Hijria (845), alipopanga tabaka za Maswahaba na waliowafuatia, sehemu kubwa aliipanga kwa miji yao, na mwisho wa kitabu akawatengea wanawake sehemu yao. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria (1071), aliandika habari za zaidi ya watu elfu saba waliohusika na mji mmoja tu wa Baghdad. As-Sakhawi wa Misri, aliyefariki mwaka 902 Hijria (1497), aliandika kamusi ya watu wa karne yake na kuwawekea wanawake juzuu nzima ya mwisho, zaidi ya elfu moja kwa idadi. Ukiisoma utakuta fulani aliolewa na nani, akaachwa, akaolewa tena na nani, akafa lini. Msomaji mwenye haraka ataona ni mambo madogo. Kadhi hawezi kusema hivyo.

Na hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Wengi hudhani kuandika habari za wazee ni burudani ya watu wenye nafasi. Sivyo. Katika vifua vya wazee mna mambo ambayo hukumu za sheria zinayategemea, nayo huzikwa pamoja nao.

Tutaje kunyonya. Uqba bin al-Harith (R.A.) alioa, kisha akaja mwanamke mmoja akasema kwamba yeye amemnyonyesha Uqba na mkewe pia. Uqba hakuwa na habari hiyo kabisa. Alipanda kipando chake kutoka Makka hadi Madina kumwuliza Mtume (S.A.W.), naye akamwelekeza aachane naye, kwani watakaaje pamoja na maneno hayo yamekwisha kusemwa? Bukhari ameipokea. Ndoa imevunjika kwa kumbukumbu ya mama mmoja. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya idadi ya mashahidi na idadi ya manyonyo. Kwa Mashafi ni manyonyo matano, na ushahidi wa wanawake wanne unakubalika. Hata hivyo hawakuhitilafiana kwamba ajuaye jambo hili kwa kawaida ni mwanamke, na kwamba ndugu wa kunyonya ni haramu kuoana.

Sasa tazameni mitaa yetu ya pwani ilivyokuwa. Mama akiugua, mtoto alipelekwa kwa jirani akanyonyeshwa. Mama akichelewa shambani, shangazi mtu alimpa ziwa mtoto anyamaze. Hapakuwa na cheti wala hospitali ya karibu. Anayejua nani alinyonya kwa nani ni bibi aliyeketi barazani, tena huenda amebaki peke yake katika rika lake. Wajukuu wa watoto wale wamekuwa watu wazima, wamesambaa Dar es Salaam, Mtwara na Muscat, wanakutana na kupendana. Tunafungisha ndoa kila wiki, tunamwuliza walii, tunauliza mahari, tunawauliza mashahidi. Bibi haulizwi.

Wakfu nao una msiba wake. Shamba la minazi lilitolewa kwa ajili ya msikiti kwa maneno ya mdomo mbele ya watu wanne, na mipaka yake ilikuwa mwembe, mkwaju na njia ya ng'ombe. Mwembe umekatwa, watu wanne wamekufa watatu. Tangu Sheria za Ardhi za mwaka 1999 mambo huendeshwa kwa hati na vipimo, na asiye na karatasi hutafuta shahidi. Tunakijua kisima kimoja ambacho watu walichota maji yake miaka mingi wakisema ni sadaka ya bibi mmoja. Ulipotokea mzozo wakatakiwa wamtaje, yakatajwa majina matatu. Mirathi tusiiseme kwa urefu, kila imamu ana kisa chake cha ndugu aliyejitokeza baada ya mali kwisha kugawanywa.

Kuwakumbuka wenye ngazi za juu peke yao ni maradhi ya zamani katika pwani yetu. Kilwa Kisiwani ni mfano ulio wazi. Tunajua kuwa Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 na tunamjua sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman. Tarikh ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 inatuhesabia watawala mmoja baada ya mmoja. Waliochoma matumbawe wakapata chokaa ya ule msikiti mkubwa, majina yao hayamo. Magofu yenyewe yaliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakakarabatiwa, yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Mawe yamepimwa na kupigwa picha. Lakini mzee wa Kilwa mwenye miaka themanini na kitu leo alikuwa mtoto kimbunga kilipopiga Lindi mwaka 1952. Aliziona siku za kuhamishiwa watu vijijini, 1973 hadi 1976. Anajua safari ya Dar es Salaam ilivyokuwa kabla ya kufunguliwa daraja la Mkapa mwaka 2003, pale mvua zilipokuwa zikiikata njia ya Rufiji. Je, wajukuu zake wameketi naye kwa kalamu?

Wapo ndugu zetu wanaochelea kuwa tukianza kuandika maisha ya watu tutafungua mlango wa kuwatukuza wafu na kuwapachikia karama. Hofu hiyo ina msingi, maana tumeyaona. Hata hivyo dawa ya kutia chumvi ni kusema kweli, si kunyamaza. Anayeandika kuwa fulani alizaliwa mahali fulani, alivua kwa dema, alizaa watoto saba akazika watatu, na ndiye aliyetoa kiwanja cha madrasa, hajamtukuza mtu.

Umri nao uhakikiwe. Abu Hatim as-Sijistani, katika karne ya tatu Hijria, alikusanya habari za watu walioishi umri mrefu, na humo mna wanaotajiwa mamia ya miaka! Nasi tuna wazee ambao kila mwaka huongezewa mitano. Mzee aulizwe alikuwa na kimo gani wakati wa kimbunga, alikuwa ameoa au bado wakati wa Uhuru mwaka 1961, mtoto wake wa kwanza alikuwa ananyonya au anatembea wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967. Hapo miaka itajipanga yenyewe. Aibu za watu zisiandikwe, na aliyekataa asisumbuliwe.

Kazi hii inafaa ianze madrasa zinapofungwa mwishoni mwa Shaabani. Wasichana wa madarasa ya juu waende kwa mabibi, wavulana kwa mababu, wawili wawili, na daftari lenye jalada gumu. Kunasa sauti kwa simu ni kuzuri, lakini simu huibiwa na huzama baharini, kwa hiyo iandikwe pia. Orodha ya walionyonya pamoja isibandikwe ukutani. Iwe amana kwa imamu na kwa mama mmoja muaminifu, ifunguliwe inapokuja posa. Na wa kwanza kuendewa wawe wakunga wa jadi, kwani wamebaki wachache, na baadhi yao hawatoki tena nje ya ua.